Chumba cha Vioo Katika Nchi ya Jua Kali

Mtu apitaye katika vitongoji vipya vya Dar es Salaam, Mombasa au Tanga huona mara kwa mara nyumba iliyoongezewa chumba cha vioo ubavuni. Kuta zake ni vioo vilivyoshikwa na fremu za alumini, na pengine paa nalo ni la vioo. Mwenye nyumba hukusudia kupata mahali pa kupumzikia, pa kusomea gazeti na kutazama bustani, pasipo kuumwa na mbu wala kunyeshewa na mvua. Picha aliyomwonyesha fundi aghalabu imetoka Ulaya, na katika picha hiyo watu wameketi kwa raha, wamevaa sweta. Sweta hizo ndizo zilizopaswa kumtahadharisha.

Baada ya miezi michache chumba hicho huwa ghala la baiskeli na viti vibovu. Tangu saa tatu asubuhi hakikaliki. Mimea iliyowekwa humo hukauka, rangi ya vitambaa hupauka, na joto lake hupenya mlangoni hadi sebuleni, hata nyumba nzima ikawa na joto kuliko ilivyokuwa kabla ya kuongezwa. Wala fundi hakukosea kazi yake. Chumba kinafanya barabara kazi iliyokusudiwa tangu asili yake, nayo ni kunasa joto la jua. Namna kinavyolinasa, na namna ya kupata mwanga bila kuchukua joto lote, huelezeka kwa fizikia ifundishwayo katika shule za sekondari.

Jinsi kioo kinavyonasa joto

Uso wa jua una joto la nyuzi 5,500 za sentigredi hivi. Kitu chenye joto kali kiasi hicho hutoa mionzi yenye mawimbi mafupi, na sehemu kubwa ya mionzi ya jua ifikayo ardhini ina urefu wa wimbi kati ya mikromita 0.3 na 2.5. Kioo safi cha dirisha hupitisha zaidi ya robo tatu ya nishati hiyo. Mionzi ikiisha kupita, huangukia sakafu, viti na ngozi za watu, nayo hufyonzwa na kugeuka kuwa joto.

Sakafu iliyopata joto la nyuzi 40 nayo hutoa mionzi, lakini ya mawimbi marefu, yenye nguvu zaidi karibu na mikromita 9. Kwa mawimbi hayo kioo si kitu kiangavu tena, bali ni kama ukuta. Vitabu vingi huishia hapo, na kusema kwamba chumba cha vioo hupata joto kwa sababu mionzi huingia isiweze kutoka.

Maelezo hayo si ya uongo, ila ni sehemu ndogo ya ukweli. Mnamo mwaka 1909 Robert Wood, mwanafizikia wa Marekani, alitengeneza visanduku viwili vilivyofanana. Kimoja alikifunika kwa kioo, na cha pili kwa bamba la chumvi ya mawe, kitu kipitishacho mawimbi mafupi na marefu pia. Kama kunaswa kwa mionzi ndiko kungekuwa sababu kubwa, kisanduku cha kioo kingelipata joto zaidi kwa mbali. Mionzi ya jua ilipopitishwa kwanza katika bamba jingine la kioo, ili visanduku vyote viwili vipokee mionzi ya aina moja, joto lilifika karibu nyuzi 55 katika vyote, na tofauti kati yao haikufika hata uzi mmoja.

Sababu kubwa, basi, ni hewa. Mahali pa wazi, hewa iliyogusa ardhi yenye joto hupanuka, huwa nyepesi, hupaa, na nafasi yake huchukuliwa na hewa baridi zaidi. Chini ya kioo hewa haina pa kwenda. Hupaa hadi darini, hukwama hapo, na kurudi ikiwa ingali na joto lake. Jambo hili lina manufaa makubwa kwa mjenzi, kwa kuwa laonyesha kwamba tundu la hewa lililo juu kabisa ya chumba lina thamani kuliko kioo cha aina yoyote.

Nguvu ya kioo na hewa iliyofungiwa ilijulikana zamani. Mnamo mwaka 1767 Horace-Bénédict de Saussure, mtaalamu wa Geneva, aliweka masanduku ya vioo moja ndani ya jingine, na ndani kabisa akapata joto la zaidi ya nyuzi 85. Baadaye, kwa sanduku lililozuiwa vema lisipoteze joto, alipita kiwango cha kuchemka kwa maji. Kwa kanuni hiyo hiyo, gari lililofungwa vioo juani hugeuka tanuri ndani ya nusu saa, na mtoto aliyeachwa humo huweza kufa ilhali nje watu wanatembea bila shida.

Hesabu ya chumba kimoja

Tuseme chumba kina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3, na paa lake lote ni la kioo cha kawaida. Jua likiwa utosini na anga likiwa jeupe, kila mita ya mraba iliyolala hupokea nishati ya takriban wati 1,000. Eneo la paa ni mita 12 za mraba. Kioo kikipitisha asilimia 80, joto liingialo ni 12 × 1,000 × 0.8, yaani wati 9,600.

Pasi ya umeme ya kawaida hutumia wati 1,000 hivi. Chumba hiki, basi, ni sawa na chumba chenye pasi tisa au kumi zilizowashwa kwa pamoja. Au, kwa kuwa mtu aliyeketi kimya hutoa joto la wati 100 hivi, ni sawa na kuwafungia humo watu 96. Kipoza hewa kidogo cha nyumbani huweza kuondoa wati 3,500 hivi, hivyo vingehitajika vitatu. Kama kila wati moja ya umeme huondoa wati tatu za joto, mitambo hiyo ingetumia kilowati 3.2, na kwa muda wa saa tano za mchana ingekula uniti 16 za umeme kila siku. Huko ni kulipa fedha ili kuondoa kile ambacho fedha zililipwa kukiingiza.

Mwenye nyumba huweza kusema kwamba atafungua madirisha. Hesabu yaendelea. Ili joto la chumba lisizidi la nje kwa zaidi ya nyuzi 5, na kwa kuwa kilo moja ya hewa huhitaji jouli 1,000 hivi ili ipande uzi mmoja, hapana budi kilo 1.9 za hewa zipite chumbani kila sekunde. Kiasi hicho ni takriban mita za ujazo 1.7. Ikiwa kimo cha chumba ni mita 2.7, maana yake ni kwamba hewa yote iliyomo ibadilishwe mara tatu kila dakika. Siku isiyo na upepo, kwa nguvu ya hewa moto kupaa peke yake, matundu ya kufanya kazi hiyo yangekaribia mita 5 za mraba chini na mita 5 nyingine juu. Hiyo ni karibu nusu ya paa. Chumba chenye paa lililo wazi nusu hakiitwi tena chumba cha vioo.

Sasa mwanafunzi abadili jambo moja tu katika hesabu: juu ya paa kuwe na kivuli kizuiacho sehemu nne kati ya tano za mionzi kabla haijagusa kioo. Joto liingialo hushuka hadi wati 1,920, na matundu yanayohitajika huwa mita moja ya mraba chini na mita moja juu. Kazi hiyo fundi yeyote huiweza. Kivuli kwanza, hewa baadaye. Mpango huo ukigeuzwa, hakuna dirisha litakalotosha.

Njia ya jua

Chumba cha vioo kilizaliwa katika nchi za kaskazini, na huko kina akili yake. Mjini London, mchana wa tarehe 21 Desemba, jua halipandi zaidi ya digrii 15 juu ya upeo wa macho. Jua la chini namna hiyo hupiga ukuta wa kioo unaoelekea kusini karibu moja kwa moja, hupenya hadi ndani kabisa, na kuwapa joto watu ambao nje wangetetemeka. Wakati wa kiangazi jua hupanda juu, na ukuta ule ule hupokea mionzi kwa mshazari. Kwa hiyo ukuta wa kusini huchukua jua linapotakiwa na kulipunguza lisipotakiwa.

Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, na huko mambo ni tofauti kabisa. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini. Mnamo Juni huegemea kaskazini, likiwa na kimo cha digrii 60. Mnamo Desemba huegemea kusini, kwa kimo cha digrii 73. Hivyo mwaka mzima jua la adhuhuri huangukia zaidi paa kuliko ukuta wowote, na paa la kioo ndilo kosa la kwanza na lililo kubwa kupita yote.

Kuta za kaskazini na kusini si taabu kubwa. Mwanafunzi aliyejifunza trigonometria huweza kupima upenu unaohitajika. Kwa kioo chenye kimo cha mita 2.1, jua la Juni la digrii 60 huzuiwa adhuhuri na upenu wa mita 1.2, na jua la Desemba upande wa kusini huzuiwa na upenu wa sentimita 63 tu.

Taabu iko mashariki na magharibi. Siku za Machi, saa tatu kabla ya kuchwa, jua lina kimo cha digrii 45, na upenu unaohitajika ni mita 2.1. Saa moja kabla ya kuchwa kimo ni digrii 15, na upenu ungepaswa kufika karibu mita 8! Kimo hicho ni kile kile cha jua la London mchana wa Desemba. Jua la jioni la Dar es Salaam, basi, huingia katika kioo cha magharibi kwa pembe ile ile ambayo watu wa London hujengea chumba chao ili kulikamata, lakini huingia wakati nyumba imekwisha shiba joto la kutwa nzima. Upande wa magharibi upenu hausaidii. Husaidia mti, ukuta, au kizuizi kilichosimama wima.

Hata waliobobea walijifunza kwa taabu

Joseph Paxton, aliyebuni jumba kubwa la vioo la maonyesho ya mwaka 1851 katika bustani ya Hyde Park, London, hakuwa msanifu wa majengo kwa mafunzo. Alikuwa mtunza bustani, naye alijua tabia ya vioo kwa kuwa alikuwa amejenga nyumba za mimea. Jumba lake, lenye urefu wa mita zipatazo 560, lilifunikwa paa kwa vitambaa vilivyotandazwa juu ya vioo, upande wa nje, na kutani palikuwa na vibao vya kufungulia hewa. Yote hayo yalikuwa katika nchi ya Uingereza, ambayo hakuna aiitaye nchi ya joto.

Le Corbusier, mmoja wa wasanifu mashuhuri wa karne ya 20, alipita njia nyingine. Mjini Paris alijenga nyumba ya kuwahifadhi watu wasio na makazi, iliyofunguliwa mwaka 1933, yenye uso mkubwa wa kioo ulioelekea kusini na usiofunguka. Alitumaini kwamba mitambo ingeleta hewa safi na baridi, lakini fedha hazikutosha kununulia mitambo yote. Majira ya baridi yalipita vizuri. Kiangazi kilipofika, waliolala humo, pamoja na akina mama na watoto wao, waliona taabu kubwa. Ikalazimu kutia madirisha ya kufunguka, na baada ya Vita Kuu ya Pili vizuizi vya jua vya zege vikajengwa mbele ya vioo. Tangu hapo vizuizi vya namna hiyo vimekuwa alama ya majengo mengi ya nchi za joto, yakiwamo majengo ya ofisi na vyuo ya Afrika Mashariki ya miaka ya 1960.

Wajenzi wa mwambao hawakuhitaji funzo hilo. Jumba la Beit el Ajaib la Unguja, lililojengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash, na ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, lilizungukwa na veranda pana ghorofa kwa ghorofa, ili jua lisiguse ukuta wa vyumba. Baraza ya nyumba ya kawaida hufanya kazi hiyo hiyo kwa gharama ndogo.

Pazia, vioo viwili, na maneno ya wauzaji

Watu wengi, baada ya kuona joto limewazidi, hutundika pazia nzito ndani. Chumba huwa na giza, nalo joto hupungua kidogo tu. Sababu ni rahisi: mionzi ikifika kwenye pazia imekwisha kuvuka kioo. Pazia jeupe hurudisha sehemu yake nje, lakini sehemu iliyobaki huligeuza pazia kuwa kipasha joto kilichoning'inizwa chumbani. Kizuizi kile kile kikiwekwa nje hupata joto kama kawaida, ila joto hilo huchukuliwa na upepo. Kwa kuwa tofauti kati ya ndani na nje ni unene wa kioo tu, wengi hawaamini mpaka wapime.

Kioo cha tabaka mbili chenye hewa katikati nacho husifiwa sana. Kazi yake ni kuzuia joto lisipite kutoka upande wenye joto kwenda upande wenye baridi, na mahali penye theluji ni kitu bora. Mionzi ya jua, hata hivyo, huipita hewa ya katikati bila taabu, na tabaka la pili huipunguza kidogo tu. Viko vioo vya kisasa vilivyopakwa utando mwembamba sana wa metali, ambavyo huweza kupunguza joto la jua hadi theluthi moja au chini ya hapo. Hivyo hufaa, lakini ni ghali, na mnunuzi aangalie kwamba ziko tando zilizobuniwa kwa nchi za baridi ambazo hupitisha jua na kuzuia joto la chumbani lisitoke. Utando wa namna hiyo pwani ni hasara mara mbili.

Iko pia imani kwamba kuketi nyuma ya kioo huupa mwili vitamini D. Ngozi hutengeneza vitamini hiyo kwa msaada wa mionzi ya urujuanimno ya mawimbi mafupi, na kioo cha dirisha huizuia karibu yote. Urujuanimno wa mawimbi marefu zaidi hupita, nao ndio upaushao vitambaa na kuzeesha ngozi. Mgonjwa au mtoto anayehitaji jua na atolewe nje asubuhi kwa muda mfupi.

Hatari ya chumba chenyewe kwa mwili isidharauliwe. Ngozi ya mtu ina joto la nyuzi 34 hivi. Hewa, kuta na paa zikizidi kiasi hicho, mwili hauwezi tena kutoa joto kwa njia ya kawaida, bali hulipokea. Hubaki jasho peke yake. Kila gramu ya jasho ikaukayo huondoa jouli 2,400 hivi, lakini katika hewa ya pwani iliyojaa unyevu jasho hutiririka pasipo kukauka, na jasho litiririkalo halipozi. Wazee, watoto wachanga na wagonjwa wa moyo ndio wanaozidiwa upesi. Mzee aliyeingizwa humo baada ya chakula cha mchana ili apumzike, akalala usingizi, huenda asijue joto lilivyopanda.

Usalama wa paa lenyewe wahitaji neno moja. Kioo kilicho juu ya vichwa vya watu kiwe cha tabaka zilizogandishwa pamoja kwa utando wa plastiki, ili kikivunjika vipande visianguke. Kadhalika alumini hupanuka zaidi ya mara mbili kuliko kioo. Kwa urefu wa mita 3 na badiliko la nyuzi 40, alumini hurefuka milimita 2.8 na kioo milimita 1.1. Fundi asipoacha nafasi na kuweka mpira laini katika viungo, kioo huweza kupasuka, au mvua ya masika ikaonyesha njia zote alizoziacha.

Mwanga bila tanuri

Hapana haja ya kumnyima mtu bustani yake. Mwanga wa jua kali nje hufika luksi 100,000, nao msomaji wa kitabu huhitaji luksi 500 tu, yaani sehemu moja katika 200. Mwanga huo hupatikana kwa wingi kutoka anga na majani, pasipo jua lenyewe kuingia.

Chumba kifaacho pwani, basi, kina paa lisilopitisha mwanga, lililopakwa rangi nyeupe juu na kutiwa dari chini, lenye upenu wa mita moja au zaidi. Vioo viwe upande wa kaskazini na wa kusini, tena viwe vya luva, ambavyo hufunguka karibu eneo lote, vikiwa na wavu wa mbu nyuma yake. Pande hizo hupokea pia sehemu ya pepo za kusi na za kaskazi. Upande wa magharibi uwe ukuta, kabati la vitabu au choo. Huko hakuna kitu cha kutazama kinachostahili gharama yake.

Aliyekwisha jenga asivunje. Atandaze juu ya paa la kioo mianzi, makuti au wavu wa kivuli utumiwao na wakulima wa miche, akiuinua sentimita 30 hivi ili hewa ipite katikati. Atoboe matundu mahali pa juu kabisa, na mengine karibu na sakafu upande uliokabili. Upande wa magharibi afunge nyaya na kupanda mdodoki au mpasheni. Majani yana faida ambayo mbao hazina: hutoa maji, nayo yakikauka huyapoza majani yenyewe.

Hayo yote yahusu pwani na nchi tambarare. Nyanda za juu zina habari nyingine. Njombe iko zaidi ya digrii 9 kusini mwa ikweta na zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai huko baridi hukata mikono. Miezi hiyo jua la adhuhuri huegemea kaskazini, kwa kimo cha digrii 57. Dirisha pana la kaskazini lenye kimo cha mita 2.1 na upenu mfupi huingiza jua kwa zaidi ya mita moja ndani, na mnamo Desemba, jua linapokuwa kusini, dirisha hilo halipati jua la adhuhuri hata kidogo. Sakafu ya saruji ya rangi nyeusi hulihifadhi joto la mchana na kulitoa jioni. Huko mwenye kuvaa sweta chumbani mwake hakukosea picha.

Jaribio kwa darasa

Maboksi manne ya viatu yaliyolingana yatandikwe karatasi nyeusi ndani, na kila moja liwekwe kipimajoto cha maabara, ncha yake ikifunikwa kwa kipande cha karatasi nyeupe isipigwe na jua moja kwa moja. Kipimajoto cha hospitali kisitumiwe, kwa kuwa kitapasuka. Boksi la kwanza liachwe wazi. La pili lifunikwe kwa kioo. La tatu lifunikwe kwa kioo, na kitambaa cheupe kitandazwe ndani, chini ya kioo. La nne liwe kama la tatu, ila kitambaa kiwekwe juu ya kioo, kikiinuliwa vidole vinne. Kingo za vioo zizungushiwe utepe wa gundi ili zisikate vidole.

Vipimo vianze saa nne asubuhi, siku ya jua, na joto lisomwe kila baada ya dakika tano kwa muda wa dakika arubaini. Boksi la pili litaongoza, la tatu litafuata, na la nne litakaribia la kwanza, huenda likawa chini yake. Kisha kioo cha boksi la pili kiinuliwe upande mmoja kwa penseli, boksi likiinamishwa ili mwanya uwe juu, na wanafunzi waangalie kipimajoto. Matokeo yachorwe katika karatasi ya grafu. Mstari wa boksi la pili utapanda kwa kasi, kisha utalala, ingawa jua bado linawaka vile vile. Mwalimu awaulize wanafunzi kwa nini haukuendelea kupanda hadi nyuzi 100, na ni kitu gani Saussure alikifanya ili wake upande.